Menego Tressin, Mchoraji wa Kisiwa cha Santa Eufrasia

Baba Paroko, wazee wa chama chetu cha wachoraji, majirani wote wa Cannaregio mlioacha kazi zenu asubuhi hii na kuja na mvua mabegani, jamaa na marafiki, asanteni kwa kufika. Mimi ni Iseppo Caldana, shemeji yake marehemu, kaka wa Lugrezia mkewe aliyetangulia, na kwa miaka arobaini na moja nimefanya naye kazi kwenye turubai moja, yeye akichora maji na mbingu, mimi nikiwachora watu wadogo wadogo wa ndani, wavuvi, watawa, wapiga makasia na mbwa wao. Familia imeniomba nisome historia ya maisha yake kwa sababu, kama alivyosema mpwa wangu Tonin juzi, "Mjomba, wewe ndiye uliyegombana naye muda mrefu kuliko sisi wote." Ni kweli, sikatai, na kama sauti itanikatika katikati naomba mnisubiri, nitaendelea.

Marehemu Menego Tressin alizaliwa tarehe 11 Novemba 1719, sikukuu ya Mtakatifu Martino, hapa hapa Cannaregio, nyumba ya tatu kutoka gati la Fondamente Nove, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Piero Tressin, fundi wa kuziba mashua kwa lami, na mama Anzola, na alibatizwa siku tatu baadaye katika kanisa hili. Siku ile ya Mtakatifu Martino, kama mnavyojua, watoto wa mtaa hupita wakigonga masufuria, na mama yake alisema mpaka uzeeni kwamba huyu alitoka tumboni akiwa amekunja uso kwa sababu ya kelele, na kwamba uso ule haukukunjuka tena. Mama Anzola alikuwa anatania, lakini si sana.

Kuanzia mwaka 1726 hadi 1731 alifundishwa kusoma, kuandika na hesabu na Padre Gasparo wa parokia yetu, ambaye alimwita mzee Piero akamwonyesha katekisimu ya mtoto wake, yenye samaki kila ukurasa, akasema, "Huyu mpeleke kwa wachoraji kabla hajanimalizia vitabu." Hivyo akiwa na miaka kumi na miwili alipelekwa kwa fundi Bastian Ceruti, mchoraji wa masanduku, milango na makabati, na huko alikaa miaka mitano akichora maua, ndege na Wachina wenye miavuli ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona, na huko ndiko mkono wake ulikojifunzia rangi. Kwenye masanduku na milango rangi huchanganywa na gundi, wala si na mafuta, na naomba hilo la gundi mlishike, maana mbele ya safari litatuletea mambo.

Mwaka 1741, tarehe 18 Oktoba, aliandikishwa kuwa mwanachama kamili wa chama chetu, akaacha masanduku, akafungua karakana yake nyuma ya gati, akaanza kuchora picha za maji yetu na visiwa vyetu, picha ndogo za upana wa mikono miwili, ambazo wageni wanazinunua na kuondoka nazo kwenda kwao. Picha yake ya kwanza ya kisiwa cha Santa Eufrasia aliichora mwaka 1742, akiwa ameketi hapo gatini kwenye kiti cha kukunja, nanyi mnakijua kisiwa hicho, ukuta wa masista, mnara wa kengele ulioinama kidogo kama mtu anayesikiliza, miti mirefu mitatu, na maji yakipungua tope jembamba linalong'aa, na alikichora akakiuza siku ile ile, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Wakati huo kilikuwa kisiwa tu, kama visiwa vingine.

Marehemu alifunga ndoa na dada yangu Lugrezia tarehe 26 Januari 1743. Mimi ndiye niliyewakutanisha, na nilipompeleka nyumbani mara ya kwanza dada aliniita jikoni akaniuliza swali moja tu, "Huyu ananuka mafuta ya kitani kila siku, au leo tu?" nikamjibu kwamba ni kila siku, naye akasema, "Basi vizuri, nitajua yuko wapi hata nikifumba macho." Walipendana, nasema hivyo kwa sababu niliishi chumba cha juu yao na nilisikia jinsi walivyocheka, na walijaliwa watoto wanne, Orsola aliyezaliwa tarehe 14 Septemba 1744, Tonin aliyezaliwa mwaka 1747, ambaye yuko hapa mbele pamoja na mkewe na wajukuu watatu wa marehemu, na pacha wawili, Zanetta na Piero, ambao ndui iliwachukua mwaka 1750 kabla hawajatimiza mwaka.

Sasa nimefika kwa Orsola, na hapa naomba utulivu wenu.

Orsola alikuwa na jicho la rangi. Akiwa na miaka tisa alikuwa anasaga rangi vizuri kuliko mimi, akiwa na kumi na mbili rafu yote ya rangi ilikuwa chini yake, na marehemu hakugusa chupa bila kumuuliza. Juu ya rafu hiyo kulikuwa na buluu mbili, moja ikiitwa buluu ya Berlin, ambayo ndiyo ya picha za mafuta, na nyingine buluu ya kioo, inayosagwa kutokana na vioo vya Murano, nzuri mno ukiichanganya na gundi kwa ajili ya masanduku na milango, ila ukiitia kwenye mafuta inakaa vizuri miaka michache, kisha inakufa, inakuwa kijivu. Chupa zote mbili zilifanana, jina halikuandikwa juu yake, kwa kuwa Orsola aliangalia tu akajua.

Tarehe 6 Januari 1762, sikukuu ya Epifania, tukiwa mezani na ugali wa mahindi na dagaa wa siki na vitunguu, Orsola, akiwa na miaka kumi na saba, aliweka kijiko chini akasema, "Baba, nimeamua, nakwenda Santa Eufrasia." Marehemu akacheka, akamuuliza, "Kufanya nini? Biskuti za masista zimeisha?" Akajibu, "Kukaa." Mji mzima una mabinti wanaopelekwa kwa masista wakilia, sisi tukapata wa kwetu anayetaka kwenda mwenyewe huku anatabasamu, na bahati mbaya zaidi shemeji alikuwa ameshamwahidi kijana mmoja wa chama kwamba atamwoa Orsola na kurithi karakana, wala hakuwa amemwambia mwenyewe Orsola neno lolote. "Na karakana?" akauliza. "Karakana ni yako, baba, na mimi si rafu yake. Nataka kuimba zaburi kabla jua halijatoka, na nikitaka kunyamaza ninyamaze." Shemeji akasimama, ugali haujaliwa, akasema maneno ambayo Lugrezia aliyasikia, Tonin aliyasikia, nami niliyasikia, "Ukipanda mashua hiyo mimi sina binti, na kisiwa hicho sitakikanyaga mpaka nife." Orsola alipanda mashua tarehe 2 Februari, sikukuu ya mishumaa, na aliyepiga makasia ni mimi.

Kwa sababu hiyo ya makasia hakusema nami miezi mitatu. Tulikaa karakana moja, turubai moja, bega kwa bega, na maneno yote yalipitia kwa dada yangu. "Lugrezia, mwambie kaka yako mbwa wake ni mkubwa kuliko mashua." "Lugrezia, mwambie mumeo mbwa yuko sawa, bahari yake ndiyo iliyopungua." "Lugrezia, mwambie kaka yako akachore kwingine." Na dada alikuwa akisonga ugali wake, anajibu bila kugeuka, "Ambianeni wenyewe, wapumbavu wawili nyie, mimi nina kazi." Tulianza kusemeshana tena mwezi wa Mei, lakini jina la Orsola halikutajwa tena katika karakana ile, na rafu ya rangi alianza kuishughulikia mwenyewe, hakutaka kumuuliza mtu, hakutaka kusaidiwa.

Ndipo akaanza kukichora kisiwa hicho peke yake, hataki kingine. Dalali wetu akimwomba uwanja mkuu wa mji, yeye anamletea Santa Eufrasia asubuhi, akimwomba daraja anamletea Santa Eufrasia jioni, wakati wa baridi, wakati wa joto, maji yakijaa, maji yakikauka, miaka kumi na tisa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alichukua kiti chake akaenda gatini, na Mama Catina muuza mboga, ambaye yuko pale mlangoni na ambaye hajawahi kumwonea mtu haya, alikuwa anampigia kelele mbele ya watu, "Menego! Mashua ya masista inaondoka, nafasi moja iko wazi!" Naye akijibu, "Nina kazi." "Kazi gani, mwanaume mzima unakodolea macho tu!" "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama, uza kabichi." Watu walicheka, naye alikuwa hacheki.

Dada yangu alikwenda kumwona binti yake kila mwezi, na akirudi alisema mezani, kama anayeiambia sahani, kwamba mtoto ni mzima, amepewa jina la Sista Perpetua, anaimba sauti ya chini, amekatazwa kupanda mtini kuchuma tini. Marehemu hakuinua uso, lakini hakuondoka mezani pia, na Lugrezia aliliona hilo, hivyo alikuwa akiyasimulia polepole. Lugrezia alifariki tarehe 3 Desemba 1774 kwa ugonjwa wa moyo, na siku mbili kabla alimshika mkono akamwambia, "Menego, nenda ukamwone, utanifurahisha." Hakwenda. Sista akishaingia kule hatoki, hata kumzika mama yake hatoki, kwa hiyo Orsola alilia upande wake wa maji na baba yake upande huu, na katikati hapakuwa na umbali wa kumchosha hata mtoto kupiga makasia. Hapo shemeji alikosea, nasema mbele ya jeneza lake kama nilivyomwambia usoni akiwa hai, alikosea, na alijua, na kadiri alivyojua ndivyo alivyozidi kushindwa kwenda.

Katika miaka hiyo ndipo jina lake lilipopata sifa mjini na nje ya mji, kwa njia ambayo hakuitarajia. Picha zake zilizokuwa zimeondoka hapa na mbingu safi zilianza kubadilika ukutani kwa watu, mbingu ikififia, ikawa kijivu laini, maji nayo yakawa kijivu, na kisiwa kikabaki kimening'inia katikati, kimepauka, mnara umekuwa kama umechorwa kwa pumzi. Wageni wakapagawa. Dalali alikuja anahema, "Menego, wanataka ukungu, nipe ukungu, huo ukungu wako unaupataje?" na marehemu, ambaye hakuwahi kuchora ukungu maisha yake yote, alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema ni siri ya kazi. Wenzetu wa chama mnakumbuka mlivyomtania, mkisema mji wa Menego una mafua ya kudumu. Yeye alidhani ni unyevu wa kuta za watu, mimi nilidhani ni moshi wa mishumaa yao, na sote wawili, mafundi wa miaka mingi, tulikuwa wajinga kabisa.

Mwaka 1768 picha moja ya namna hiyo ilinunuliwa na mfanyabiashara wa mishumaa, mzee Fantin, Mungu amrehemu, na alipofariki aliwaachia masista wa Santa Eufrasia picha hiyo ya kisiwa chao wenyewe, ikapelekwa kule mwezi wa Aprili 1781, ikatundikwa kwenye chumba chao cha kulia. Jumatano tarehe 9 Mei, asubuhi, tukiwa kazini, Sista Betta, yule mhudumu asiyefungwa na kanuni ya kutotoka, anayetumwa mjini kununua mahitaji, alisimama kwenye mlango wa karakana na kapu la vitunguu, akasema, "Nimetumwa na Sista Perpetua. Amesema, mwambie baba amekosea chupa. Hiyo ni buluu ya masanduku."

Miaka kumi na tisa, na neno la kwanza ni hilo. Mimi nilishika brashi hewani. Shemeji alikwenda kwenye rafu, akashusha chupa ile, akamimina kidogo kiganjani, akatoka nje kwenye mwanga, akaisugua kwa kidole, akaitazama muda mrefu sana, kisha akarudi, na mimi nilijiandaa kwa matusi, kwa kuwa namjua. Akamuuliza Sista Betta, "Ameiangalia kwa karibu?" Sista Betta akajibu, "Karibu! Alipanda juu ya benchi wakati wa chakula, pua imegusa turubai, Mama Mkuu akamkemea mbele ya watu wote." Shemeji akakaa chini, juu ya sanduku la misumari, akasema, "Amepanda benchi," akaanza kulia kama sijapata kumwona akilia, hata siku ya wale pacha, hata siku ya Lugrezia. Nilimpa kitambaa cha kufutia brashi kwa sababu sikuwa na kingine, na alibaki na tapentaini usoni mpaka jioni.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 10 Mei 1781, marehemu alikikanyaga kisiwa cha Santa Eufrasia, na makasia nilipiga tena mimi. Katika chumba cha wageni cha masista kuna wavu wa chuma ukutani, sista upande wa ndani, mgeni upande wa nje, na matundu yake hayapitishi zaidi ya vidole viwili, na alipoingia Orsola, mwanamke wa miaka thelathini na sita, shemeji alianza mambo yake ya kawaida, akamwambia, "Hukuandika majina kwenye chupa." Orsola akajibu, "Wewe ndiye uliyenikataza, ulisema karatasi zinakusanya vumbi." "Nilisema hivyo?" "Ulisema." "Umenenepa," akasema shemeji. "Na wewe umekonda, nani anakupikia?" "Mjomba wako." "Basi ndiyo maana." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, lakini siku hiyo nilisamehe kila kitu. Kisha akaweka paji la uso kwenye chuma, akasema, "Nisamehe, mwanangu, nimechelewa, nimechelewa mpaka mama yako ameondoka," na Orsola akapitisha vidole viwili akamshika ndevu, akawa anamshika ndevu tu. Nilitoka nje kuifunga mashua, ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Tangu siku hiyo hakukosa Alhamisi, isipokuwa Majilio na Kwaresima, ambapo kwa kanuni ya masista wavu hufungwa na hakuna mgeni anayeingia, na hapo alikuwa mtu asiyefaa kuishi naye. Alimpelekea Orsola rangi zikiwa mawe, kupitia lile gurudumu la mbao la ukutani ambalo huzungushwa ili kuingiza vitu na kutoa vitu, naye Orsola alizisaga kule baada ya sala na kuzirudisha kwa gurudumu lile lile zikiwa laini kama unga, pamoja na biskuti za pete, na safari hii kila chupa ina jina, limeandikwa kwa herufi kubwa, kana kwamba baba yake ni kipofu. Alizionyesha kwa kila aliyeingia karakana. "Ona, ananidharau," alikuwa anasema, na uso umemjaa furaha.

Mwezi wa Oktoba 1783 alimwomba Mama Mkuu amrudishie ile picha ya mzee Fantin aichore mbingu upya, kwa buluu iliyo sahihi, kwa sababu hakuweza kustahimili kwamba masista wanakula chakula chao kila siku chini ya kosa lake. Ililetwa, akaanza kutoka upande wa kushoto, kidogo kidogo, mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, na buluu yote ilisagwa na Orsola. Ndiyo picha hiyo iliyoegemezwa kwenye nguzo, hapo karibu na mishumaa. Nimewasikia wenzangu wa chama mkinong'ona tangu mlipoingia kwamba haijaisha, nusu mbingu ya asubuhi, nusu kijivu, na kwamba Iseppo anamwaibisha marehemu kwa kuileta hivyo kanisani. Subirini.

Alhamisi tarehe 19 Februari mwaka huu, Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, tukirudi kutoka kisiwani, upepo wa kaskazini ulitupiga na maji yakatulowanisha wote wawili, mimi nikapata mafua, yeye akapata homa ya mapafu. Jumatano ya Majivu, tarehe 25, wavu ulifungwa, na yeye alikuwa kitandani. Tulimwomba Mama Mkuu, Mama Mkuu akawaomba wakubwa wake, jibu likaja kwamba kanuni ni kanuni, sista hatoki, na sitasema zaidi kwa kuwa Baba Paroko ananiangalia. Marehemu hakunung'unika, ila juu ya supu yangu, lakini kila akiamka aliuliza, "Leo Alhamisi?" na mara mbili nilimdanganya nikasema kesho.

Jumanne tarehe 9 Machi aliniita akasema, "Iseppo, malizia ile mbingu." Nikamwambia, shemeji, miaka arobaini na moja hukuniruhusu kugusa hata wingu, leo nianze na la picha ya mwanao? Akasema, "Nimechoka kugombana, muulizeni Orsola, atakavyosema yeye ndivyo." Nikampa Sista Betta swali hilo, akaenda nalo. Padre alimpa mpako wa wagonjwa jioni ile, na kesho yake, Jumatano tarehe 10 Machi 1784, saa tisa alasiri, Tonin akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, Menego Tressin alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi minne. Jibu la Orsola lilifika Alhamisi.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Zuliani, aliyekuja kila siku na kupanda ngazi zetu bila kulalamika, namshukuru Baba Paroko pamoja na macho yake makali, chama cha wachoraji kwa mishumaa na kwa jeneza, Mama Catina aliyeleta mchuzi wa kabichi siku kumi na nne mfululizo na kumwita marehemu mvivu mpaka akatabasamu, majirani wa gatini mliozuia watoto wasipige kelele chini ya dirisha, Sista Betta kwa miguu yake, na Mama Mkuu wa Santa Eufrasia, ambaye mwezi wa Januari alimkubalia marehemu ombi lake, kwamba azikwe sakafuni katika kanisa lao la nje, hatua nne kutoka kwenye wavu wa kanisani ambao nyuma yake masista huimba. Tukitoka hapa tutapanda mashua kwenda huko, nafasi zipo za kutosha, wazee watangulie.

Naomba nimalizie kwa kusoma jibu hilo, kwa sababu ndilo lililonilazimisha kuisoma historia hii namna mlivyoisikia, bila kuruka kitu, ingawa wengine katika familia mliniomba nifupishe. Orsola ameandika hivi.

"Mjomba, usiimalize. Iache pale mkono wa baba ulipofika, uirudishe hivyo hivyo. Mama Mkuu ameruhusu usome historia yake mara ya pili huku, mbele ya wavu uliofungwa, nami nitakuwa nyuma yake nasikiliza. Nakujua, utataka kuiruka ile miaka kumi na tisa ili nisilie. Usiiruke. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kengele ya mchana, toka mwaka wa kwanza, na nikishapiga nilikuwa nabaki juu mnarani kwenye dirisha, namwona baba gatini na kofia yake nyekundu, anafungua kiti, anakaa, anaangalia huku. Akichelewa nilikuwa namsubiri, akiumwa nilijua kabla mama hajaja kuniambia. Miaka yote ile tulionana kila siku, mjomba, na yeye peke yake ndiye ambaye hakujua."

Shemeji, sasa unajua. Twende, anakusubiri, nami nitapiga makasia polepole. Pumzika, Menego wetu, na amani ya Mungu ikufunike.